Mzigo Usiouma

Punda aliingia kituo cha ukaguzi saa nne asubuhi, ukwato wa mguu wake wa mbele umepasuka vipande viwili hadi karibu na kifundo. Kila alipokanyaga, vile vipande vilifunguka na damu ikabaki kwenye saruji. Mgongoni alikuwa na magunia mawili ya chumvi ya kutengenezea betri. Hakuchechemea. Alitembea kwa mwendo wake wa siku zote, masikio wima, akayaona mabua kando ya kibanda akaanza kuyatafuna bila wasiwasi wowote.

Mkaguzi alimfunga mkanda shingoni, akasubiri. Taa ikawaka kijani.

"Sifuri," alisema, akagonga muhuri kwenye cheti. "Mzima huyu. Aje mwingine."

Nakijwa Mbwambo alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake tangu kituo kilipofunguliwa. Akainuka.

"Mzima kwa vipi? Ukwato huo huuoni?"

"Nauona, mama."

"Na damu je?"

"Naiona vilevile." Mkaguzi hakukasirika. Ilionekana ameshalieleza jambo hili mara nyingi. "Lakini macho yangu hayamo kwenye sheria. Kifungu cha nne kinasema mkanda. Mkanda ukipita thelathini, namzuia punda na mwenye punda namfikisha kwa hakimu. Mkanda ukisoma sifuri nami nikamzuia, nitakayeshtakiwa ni mimi. Aliyeiandika sheria ile alikuwa na akili zake. Hakutaka sisi tukisiekisie."

Aliyeiandika alikuwa amesimama mbele yake. Nakijwa alihisi uso unamuwaka moto mpaka kwenye ncha za masikio.

Miaka tisa nyuma kesi za ukatili kwa wanyama zilikuwa mchezo wa kuigiza. Mwenye punda anaapa kwamba punda wake ni mvivu tu, shahidi anaapa kwamba alimsikia punda akilia, hakimu anakuna kichwa, kesi inafutwa. Ndipo watafiti wakaleta mkanda unaosoma mishipa ya fahamu shingoni na kuyapa maumivu namba, kuanzia sifuri hadi mia. Nakijwa, wakati huo mwandishi wa sheria chipukizi wa Baraza la Nyanda kule Manyoni, aliupokea mkanda ule kwa mikono miwili. Waandishi wa sheria wana ugonjwa wao: wanapenda kitu kinachopimika. Akaandika kwenye kifungu cha tafsiri kwamba ukatili ni kumsababishia mnyama maumivu yanayozidi kipimo cha thelathini. Mistari miwili tu. Alipigiwa makofi, akapandishwa cheo, na kifungu chake kikafundishwa vyuoni.

Halafu kampuni ya Mwendokimya ikaleta kituliza. Ni kidude kisichozidi punje ya mahindi. Kinapandikizwa nyuma ya sikio, kinakaa juu ya mshipa na kuzuia habari za maumivu zisifike kwenye ubongo. Punda mwenye kituliza anaona njaa, anaona kiu, anamjua mfugaji wake, anakwenda anakotumwa, ila haumwi. Mkanda unasoma sifuri hata ukimkata kwa panga. Dizeli ilipokwisha nchini na magari ya umeme yakabaki ya makampuni na wakubwa, punda ndio walioibeba chumvi kutoka mbugani inakochimbwa, na Mwendokimya ikawapandikiza wote, elfu sitini na moja. Sheria haikuvunjwa hata herufi moja.

Mwenye punda alikuwa mwanamke wa makamo, fimbo begani, khanga imefungwa kiunoni juu ya koti la mvua la kampuni. Nakijwa alimfuata nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Habari za safari, dada. Naitwa Nakijwa."

"Nzuri. Mimi Mboneche, wa Ng'humbi. Wewe ni mtu wa kampuni?"

"Mtu wa Baraza."

"Afadhali kidogo," alisema Bi Mboneche, na haikuwa sifa.

Nakijwa akamuuliza ukwato ule ulipasuka lini. Bi Mboneche akatikisa kichwa.

"Nitajuaje? Zamani punda akichomwa na mwiba anasimama, anainua mguu, anakutazama. Unajua. Sasa hawasemi. Mimi nilimkuta hivi juzi jioni, tukiwa tumeshatembea kutwa. Mwingine nilimkuta amelala juu ya jivu la moto, ubavu wote umebabuka, anatafuna tu." Alikwangua udongo kwa fimbo. "Mwezi wa tatu jike langu lilizaa njiani. Lilizaa linatembea, mama. Halikusimama, halikugeuka nyuma. Halikujua. Mimi nilikuwa mbele, nikasikia wenzangu wananiita. Tukarudi tukamkuta mtoto mchangani, yu hai, anatafuta pa kunyonya. Nikambeba mpaka kwa mama yake. Mama akamnusa, akampita. Kwake yeye yule alikuwa mtoto wa mwenzake. Siku ya tatu yule mtoto akafa."

Nakijwa alikuwa amezisoma barua za malalamiko, rundo zima, ndiyo maana akapanda treni ya asubuhi kuja kujionea. Katika barua zote hizo hakuna aliyemwandikia habari ya punda aliyezaa asijue. Hasira ilimpanda ghafla, na sehemu kubwa ya hasira ile haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwake mwenyewe.

"Utakuja Manyoni uyaseme haya mbele ya Kamati?"

"Nikiyasema, punda mtamfanya nini?"

"Tutamshusha mzigo mpaka apone."

"Na maji?" Bi Mboneche alionyesha kwa kidevu madumu matupu yaliyofungwa juu ya magunia. "Tukishusha chumvi, wanatujazia maji kwenye kisima chao. Ng'humbi ina kaya arobaini, na zote zinakunywa kutoka kwenye migongo ya punda hawa. Ukimshusha punda, maji atabeba nani?"

"Kampuni. Magari wanayo. Nitaandika kifungu."

"Utaandika kweli?"

"Nitaandika. Usipokiona kwenye mswada, usije."

*

Kifungu cha nne kipya kilimchukua siku mbili. Alifuta maumivu, akaandika: *Ukatili ni kumletea mnyama dhara la mwili linaloweza kuepukika, awe amelihisi au hakulihisi.* Kifungu cha kumi na moja kilisema vituliza vyote vizimwe ndani ya siku thelathini. Kifungu cha kumi na mbili kilisema kila kijiji ambacho punda wake wameshushwa mzigo kitapelekewa maji na kampuni kwa magari yake, kila siku, hadi punda watakaporuhusiwa kufanya kazi tena.

Mswada ulibebwa na Mheshimiwa Mwanahawa Kidunda, mjumbe wa Kondoa, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hakuwahi kushindwa kumaliza sentensi aliyoianza. Kwa wiki tatu walizunguka ofisi za wajumbe wa Kamati, mlango kwa mlango, Mheshimiwa akisema na Nakijwa akiwa pembeni na jalada la "maelezo ya kitaalamu", kwa sababu mwandishi wa sheria haruhusiwi kumshawishi mtu.

"Kama hasikii, kosa liko wapi?" aliuliza mjumbe wa kwanza. "Mimi magoti haya yananiua. Wangenipa hicho kituliza ningekipokea leo."

"Ungekipokea ukijua, Mheshimiwa," Kidunda alimjibu. "Na ungekaa kitako ukitaka."

Wa pili aliwaambia, watu wana kiu, ninyi mnaleta habari za punda. Wa tatu aliwaandalia chai, akakubaliana nao kwa kila neno, akawasindikiza hadi getini akiwa amemshika Kidunda mkono, na kesho yake akaonekana kwenye basi la Mwendokimya akienda semina ya siku nne huko kwenye hoteli ya ziwani. Nakijwa alirudi ofisini akaubamiza mlango mpaka katibu muhtasi akaja kuuliza kama kuna kilichovunjika. Walikuwa watu wazima wale, wana wajukuu, wamekulia kwenye mazizi. Hakuna hata mmoja aliyehitaji mkanda kujua mguu uliovunjika unafananaje.

Yeremia Chidosa alimkuta Nakijwa kantini siku ya Alhamisi. Alikuwa mshawishi wa Mwendokimya, suti nyepesi, viatu visivyo na vumbi hata katika mji ule. Miaka sita nyuma alikuwa amekaa meza ya pili kutoka kwa Nakijwa, na Nakijwa ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Yeremia. Kaa."

Akakaa na bakuli lake la supu, akakamulia ndimu. "Nimesoma kifungu cha nne. Mara tatu. Nimetafuta tundu, sijaliona."

"La sheria ya kwanza ulilitafuta ukaliona."

"Ulinifundisha wewe. Ulisema, kabla hujaweka nukta, jiulize mtu mbaya ataingilia wapi."

"Nilikufundisha uzibe. Sikukufundisha uingie."

Chidosa alicheka kidogo, kisha akaacha, na Nakijwa akaona kwamba kilichomleta si utani. "Kifungu cha kumi na moja, mwalimu. Mnataka vizimwe ndani ya siku thelathini. Madaktari wetu wanasema punda mmoja kati ya watatu ana jeraha baya. Mbavu, kwato, macho. Hao ni elfu ishirini. Mkizima, elfu ishirini watasikia kila kitu kwa mpigo, na mganga wa kuwatosha hayupo nchi hii. Mtakuwa mmewaletea maumivu ambayo sisi hatujawahi kuwaletea."

Nakijwa aliweka kijiko chini.

"Tupeni miaka kumi," Chidosa aliendelea, sauti ya upole. "Hatupandikizi wapya. Waliopo wafanye kazi mpaka waishe. Hakuna atakayeumia hata mmoja."

"Mpaka waishe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe ulikuwa unalia ukiandika barua ya kumfukuza mtu kazi, Yeremia. Nakukumbuka. Wamekupandikiza na wewe?"

Chidosa alimaliza supu yake taratibu, akaaga kwa heshima zote. Kilichomkera Nakijwa zaidi ni kwamba nusu ya maneno yale ilikuwa kweli. Alikuwa amerudia kosa lile lile la miaka tisa iliyopita: ameandika tarehe kwa sababu tarehe ni rahisi kuandika, na nyuma ya tarehe ile kulikuwa na punda elfu ishirini ambao hakuwafikiria.

Alirudi ofisini akafuta kifungu cha kumi na moja chote. Akaandika upya: kuanzia siku ya kutiwa saini, mnyama mwenye kituliza asibebeshwe mzigo wa aina yoyote. Kituliza kisizimwe mpaka daktari athibitishe kwamba jeraha limepona. Asiyeponyeka auawe kituliza kikiwa kinafanya kazi. Kidude cha kampuni kitabaki mwilini, lakini kitakuwa dawa, na mzigo utashuka siku hiyo hiyo.

Alipomaliza alihesabu miezi ya kupona. Haikuwa siku thelathini tena. Kwa vijiji vingi ingekuwa miezi minane, pengine mwaka. Akakisoma tena kifungu cha kumi na mbili, akaona kwamba sasa mswada mzima umekiegemea.

*

Katika Kamati za Baraza la Nyanda mwandishi wa sheria hana mdomo. Hukaa kwenye kiti cha nyuma ya mjumbe aliyeubeba mswada, na mezani huwekewa kalamu na vikaratasi vyeupe vidogo. Mjumbe akikwama, anarudisha mkono nyuma ya bega, kikaratasi kinapita. Mwandishi huruhusiwa kusema kwa jambo moja tu: akiulizwa alikusudia nini alipoandika kifungu fulani. Wapo walioifanya kazi hiyo miaka thelathini wakastaafu bila sauti yao kurekodiwa hata mara moja.

Bi Mboneche alikuwa shahidi wa tatu. Alikuwa ameuliza juu ya kifungu cha kumi na mbili mara mbili kabla ya kupanda basi, na mara ya tatu mlangoni, na Nakijwa akamfungulia ukurasa akamsomea. Mbele ya Kamati alisimulia habari ya jike lililozaa njiani, bila kupandisha sauti, mikono imeshika fimbo aliyokataa kuiacha kwa askari wa getini. Alipofika mahali mama alipomnusa mtoto akampita, mwandishi wa kumbukumbu aliacha kuchapa.

Mjumbe mmoja wa upande wa kampuni akasafisha koo. Alisema tunasikitika sote, lakini Baraza lilipotunga sheria lilikusudia kuzuia maumivu, na hapa hakuna maumivu, kwa hiyo mswada huu hauirekebishi sheria, unaigeuza. Mheshimiwa Sombi, mjumbe wa Itigi, mtu wa maneno machache ambaye mpaka siku ile hakuna aliyejua kura yake iko wapi, aliinua mkono.

"Mwandishi wa kifungu cha nne cha zamani yupo hapa ndani?"

Mwenyekiti akamwonyesha. Nakijwa akasimama. Akaiweka kalamu mezani.

"Ulipoandika maumivu," Sombi aliuliza, "ulikusudia kwamba asiyeumwa hawezi kutendewa ukatili?"

Jibu la kujisafisha lilikuwepo. Angeweza kusema teknolojia ya vituliza haikuwepo, hakuna ambaye angeliona jambo lile, na wote wangeitikia kwa vichwa. Mwezi uliofuata alikuwa apewe kiti cha Mwandishi Mkuu.

"Sikukusudia chochote juu ya asiyeumwa, Mheshimiwa. Sikumfikiria kabisa. Niliandika maumivu kwa sababu kulikuwa na kifaa cha kuyapima. Wangeniletea kifaa cha kupima urefu wa masikio, pengine ningeandika masikio."

Wawili watatu walicheka. Yeye hakucheka.

"Nilitaka mahakama zisisumbuke. Nilitaka mkaguzi asisumbuke kutazama. Basi mkaguzi hatazami. Nimekaa naye asubuhi nzima, damu inapita mbele yake naye anagonga muhuri, kwa sababu mimi nilimwambia agonge. Mnaambiwa hawa punda wamehurumiwa. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yanawasemea, Mheshimiwa. Punda akichechemea, anazungumza. Wamekatwa ulimi elfu sitini na moja, kwa ruhusa ya mistari yangu miwili, na leo mtu anasimama humu ndani anasema kimya chao ni ushahidi kwamba wako salama. Ni aibu. Na aibu hiyo imeanza kwangu."

Akakaa. Kwenye viti vya wageni Chidosa alikuwa ameinama anaitazama simu yake, ambayo ilikuwa imezimwa.

Mwenyekiti alitoa mapumziko ya dakika kumi. Kidunda alishahesabu: wajumbe kumi na saba, ndiyo nane. Sombi aliwafuata kwenye korido, akasimama kati yao na dirisha.

"Nitawapa kura yangu. Cha nne nakikubali, cha kumi na moja nakikubali. Cha kumi na mbili kitoke."

"Bila hicho watu watakunywa nini, Mheshimiwa?" Kidunda aliuliza.

"Kampuni imeniambia ikibebeshwa maji ya vijiji itafunga kiwanda cha Itigi. Nina watu mia tisa mle ndani, mama. Siwezi kuwarudia na habari hiyo. Kitoke, au nipige hapana na mswada ulale hadi Baraza jipya." Alisema hivyo bila jeuri, na alionekana hakulala vizuri. Akarudi ndani.

Baraza jipya lilikuwa miaka miwili mbele. Kengele ikalia, wakaingia. Mwenyekiti akauliza kama mleta mswada ana marekebisho ya mwisho kabla ya kura. Kwa mara ya kwanza Nakijwa alimwona Mheshimiwa Kidunda akifungua kinywa na kukifunga. Mkono wake ukarudi nyuma ya bega, kikaratasi kati ya vidole viwili. *Sina hakika. Umekiandika wewe. Nikiondoe?*

Ng'ambo ya ukumbi Bi Mboneche alikuwa amekaa na fimbo yake kati ya magoti. Macho yao yalikutana. Bi Mboneche akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Nakijwa alishika kalamu. Mtu anaweza kudai, alijiambia. Mtu anaweza kusimama mbele ya Kamati na kuuliza, na maji? Punda hawezi. Katika miaka miwili ya kusubiri, theluthi moja yao wangeangukia njiani wakiwa wanatafuna mabua. Watu wa Ng'humbi wangepata shida, lakini wangepiga kelele, na kelele zao zingesikika. Ilikuwa hoja nzuri. Angeipitisha kwa mwanafunzi yeyote. Aliichukia hata kabla haijamalizika kichwani mwake, kwa sababu aliyetakiwa kuilipia alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale na hakuwa ameulizwa.

Akaandika neno moja, *Ondoa*, akakipitisha kikaratasi.

Kidunda alisoma marekebisho kwa lugha ya Kamati, haraka: kifungu cha kumi na mbili kifutwe na vifungu vinavyofuata vipangwe upya. Masikio yasiyozoea hayakushika kitu. Kura zikapigwa, tisa kwa nane. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wakakumbatiana, na Bi Mboneche, akiwa amesimama wima, alipiga makofi kuliko wote. Nakijwa alimtafuta baadaye uani ili amwambie. Basi la mashahidi lilikuwa limeshaondoka, na kusema kweli hakuwa amelikimbilia.

*

Baraza likaupitisha mswada kama ulivyotoka Kamatini, na sheria ikatiwa saini Jumatatu. Jumatano ya wiki ile Nakijwa alifika Ng'humbi kumfuata daktari wa mifugo aliyekuwa ametangulia jana yake. Ofisi ilimshangaa, kwa kuwa mwandishi hana kazi kijijini, na kile kiti cha Mwandishi Mkuu kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine. Yeye alisema anakwenda kuona sheria inavyotekelezwa.

Ilikuwa inatekelezwa. Punda ishirini na wawili walikuwa zizini, migongo mitupu, vidonda vimeoshwa. Yule mwenye ukwato uliopasuka alikuwa amefungwa bendeji nene hadi gotini, anaikanyaga bila kujua kwamba anayo. Daktari alimwinua mguu, akautazama kwa muda mrefu, akasema atapona, ila ni kazi ya miezi saba. Nakijwa aliushika mdomo wa punda yule akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka, na yalikuwa ya furaha.

Kisha akauliza Bi Mboneche yuko wapi. Daktari akamwonyesha barabara ya kisimani.

Wanawake walikuwa wanakuja kwa mstari mrefu uliokatikakatika, kila mmoja na dumu la lita ishirini kichwani. Kisima cha kampuni kiko mwendo wa saa mbili. Gari jeupe la Mwendokimya, likiwa na mainjinia wawili mbele na tupu nyuma, liliwapita polepole, wakasogea kando ya njia kulipisha, shingo zimekaza ili maji yasimwagike. Bi Mboneche alikuwa wa nne. Alipomwona Nakijwa hakusimama mpaka alipomfikia.

"Umekuja."

"Nimekuja, dada. Shughuli gani hii?"

"Tulisubiri magari siku ya kwanza. Siku ya pili nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwambia anisomee cha kumi na mbili. Akasoma habari za faini. Nikamwambia arudie. Akarudia faini zile zile." Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni na hakuwa na mkono wa kulifuta. "Nani alikitoa?"

Yupo Sombi, ipo Kamati, lipo Baraza zima la kusingizia. "Nilikitoa mimi. Nikiwa nimekaa pale pale."

"Mimi nikakupigia makofi."

"Ulinipigia."

Bi Mboneche hakutukana. Aligeuza macho, kwa kuwa kichwa hakikugeuka, akatazama zizini walikokuwa punda wake. "Wamepumzika," alisema. "Kwa hilo siwezi kusema uongo. Wamepumzika kweli." Alivuta pumzi mara mbili. "Hiyo sheria yako inakataza punda abebeshwe. Wewe inakukataza?"

"Hainikatazi."

"Basi njoo."

Alilishusha dumu chini, akavua ngata ya khanga kichwani mwake, imelowa, akaiweka juu ya kichwa cha Nakijwa na kuibonyeza ikae. Wanawake wawili waliokuwa nyuma walitua madumu yao, wakamsaidia kuinua. Uzito ulipomwangukia, shingo ilimlia, maumivu yakamshuka uti wa mgongo mpaka kwenye nyonga, na hakukuwa na kitu cha kuyazuia yasifike. Akapiga hatua ya kwanza. Maji yakamwagikia usoni. Akataka kusimama ajiweke sawa.

"Usisimame," Bi Mboneche alisema nyuma yake. "Hilo ni la kaya moja tu. Kaya ni arobaini."